Mkeka wa Feza Kwenye Tombola

Siku Salama alipoupeleka mkeka wa Feza kwenye tombola hakuna aliyemlazimisha, na hilo ndilo lililomkera zaidi baadaye. Aliyelazimishwa ana wa kumlaumu. Yeye aliushusha mwenyewe kutoka juu ya kabati, akaufuta vumbi kwa pindo la kitenge, akaubeba begani kutoka mtaani kwake Mikelenge hadi shuleni, akautua juu ya meza ya Madame Jacqueline, na kabla akili haijamfikia miguu ilikuwa imekwisha kumrudisha nyumbani.

Huyu Madame Jacqueline alikuwa mwalimu wa kuchora. Mwaka wa tisa sasa alikuwa akifundisha sanaa kwa ubao na chaki, na hata chaki yenyewe kwa kubembeleza. "Watoto wangu wanajua kuchora mutungi," alipenda kusema, "lakini mupe mumoja udongo, atakuuliza ni wa kula ao wa kupaka ukuta." Alitaka kujenga atelye, karakana ya sanaa, nyuma ya shule: paa la bati, mabenchi, visu vya kuchongea, rangi, na posho kidogo kwa mafundi wa mji ili waje kufundisha kazi za mikono kabla hawajazikwa nazo. Ndipo akapata wazo la tombola. Kila fundi atoe kazi moja, watu wanunue tikiti, Jumapili ya mwisho wa mwezi namba zichotwe ndani ya sufuria mbele ya wote, na mwenye namba aondoke na kitu chake.

Mafundi hawakuwa wachoyo. Zilikuja ngoma, viti vya kuchongwa, mitungi, vitambaa vya meza vilivyotariziwa na akina mama wa parokia. Salama, ambaye Kindu nzima inamjua kwa kusuka mikeka, alitoa mkeka wa kawaida. Kasoro ilikuwa moja tu: tikiti hazikuuzika. Nani atatoa pesa yake kubahatisha mtungi ambao jirani yake anauuza sokoni? Wiki mbili zikapita hivyo. Jacqueline akaja kwa Salama kumweleza, na hakulia, lakini alikunywa kikombe kizima cha chai bila kutia sukari wala kutambua kwamba hakutia.

Alipoondoka, Salama alivitazama vidole vyake. Binti zake wawili walikuwa wakiuza vocha za simu karibu na gare, yaani kituo cha treni, na miyaa, yale majani ya kusukia, hawakuwahi kuyashika isipokuwa kuyasogeza wapate kupita. Katika wanawake saba waliosuka mkeka wa Feza, sita walikuwa wamekwisha kwenda kwa Mungu, akabaki yeye. Akiondoka na yeye, kazi imeondoka. Basi akapanda juu ya kiti, akaushusha.

Inafaa ijulikane mkeka ule ulikuwa nini. Kwa kina Salama, watu ambao babu zao walifika na misafara ya pwani wakaoa huku na kubaki, msichana akiposwa husukiwa mkeka wa ndoa. Mkeka hausukwi kipande kizima. Husukwa ukili, utepe mrefu wenye upana wa kiganja, kisha kili kadhaa hushonwa ubavu kwa ubavu. Wanawake sita wa ukoo husuka kila mmoja ukili wake kwa mtindo anaoujua. Ukili wa saba, ule wa katikati, husukwa na bibi arusi mwenyewe, peke yake, mlango umefungwa, kwa mtindo anaoubuni yeye. Hauulizwi, haufundishwi, wala hauigwi. Ni maneno yake kwa mumewe, na maneno ya kitandani hayana mwanafunzi.

Feza alikuwa mdogo wake Salama, na aliposwa mwaka ule mbaya mji ulipozingirwa. Askari ndani, wapiganaji wa Mai-Mai msituni, treni haiji, chumvi inauzwa kwa kijiko, mashamba ng'ambo ya mto watu wanayala kwa macho tu. Miyaa huota mabondeni nje ya mji, na huko hakukuwa kunaendeka. Kwa hiyo wale wanawake walifumua mikeka yao ya zamani, wakaloweka majani, wakayatia rangi upya, nyekundu ya unga wa mti na nyeusi ya tope la mtoni, wakasuka. Watu wanakula majani ya viazi yasiyo na chumvi, wao wanasuka mkeka wa arusi! Waliowaona walisema wamerukwa na akili, na labda ni kweli. Feza alimaliza ukili wake, akauweka mikononi mwa dada yake, na siku ya tatu akavuka mto na wenzake kwenda kutafuta mihogo. Mtumbwi ulirudi. Yeye hakurudi.

Salama aliushona mkeka peke yake, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Kisha akaukunja, na kwa miaka zaidi ya ishirini haukutandikwa mahali popote.

Sasa Jacqueline aliutundika kwenye ukuta wa ukumbi wa shule, na mji ukafanya jambo ambalo Salama hakulitegemea. Ulinyamaza. Wafanyakazi wa reli, masista, wauza mitumba, askari mmoja aliyeingia akitafuta choo, wote walifika mbele ya ule mkeka wakapunguza sauti kama watu walioingia nyumba yenye mtoto mchanga aliyelala. Kili sita zilikuwa nzuri, za kumfanya msusi yeyote atembee kifua mbele. Ule wa katikati ulikuwa jambo lingine. Nyekundu iliingia chini ya nyeusi, ukadhani imekwisha, kumbe inatokea mbali kidogo, mahali usipoitarajia. Ukianza kuufuata kwa jicho kutoka juu huwezi kuacha mpaka ufike chini, na ukifika chini unataka kuanza tena. Mzee mmoja mchonga viti alisimama hapo hadi mguu ukamfa ganzi.

"Huyu aliyesuka," akasema, "alikuwa anaona nini?"

Salama alikuwa nyuma yake. Miaka yote ile alikuwa akiuhifadhi kama nguo ya marehemu. Hakuwahi kuuona umesimama wima kwenye mwanga wa mchana, ukitazamwa na watu wasiomjua Feza, wala hakuwahi kujua kwamba mdogo wake, yule aliyekuwa akichelewa kuchota maji na kuvunja vikombe, alikuwa fundi kuwapita wote. Alijua siku ile, akiwa na mvi kichwani.

Tikiti zikaanza kwenda. Naomie, jirani yake Salama aliyepewa kazi ya kuziuza, alikwenda kuchapisha nyingine mara mbili.

Wanasema majuto ni mjukuu. Majuto ya Salama hayakusubiri hata baba yao azaliwe. Kadiri watu walivyozidi kuupenda mkeka ndivyo alivyozidi kuuona ukienda Goma, ukienda Kinshasa, ukitandikwa chini ya meza ya tajiri asiyejua hata kuvua viatu. Na mkono wa Feza ungekwenda nao, kwa kuwa Feza hakuacha picha, wala mtoto, wala kaburi.

Siku moja kaka yake Djamali, yaya wake kwa kuwa alimtangulia kuzaliwa, anayeadhini kwenye msikiti wa mtaa, alipita kumwamkia. Hakukaa.

"Salama, hii tombola njo kamari. Unatoa pesa, hujui utapata ao utakosa. Kamari haina jina lingine."

"Sikununua tikiti, yaya. Mie nilitoa mukeka tu. Ile ni sadaka ya watoto."

Djamali akafikiri, kwani ni mtu wa haki. "Kutoa, hiyo haina neno. Lakini umeshatoa. Usiirudie hata moyoni. Mwenye kurudia zawadi yake ni kama imbwa anarudia matapishi yake. Unajua njo nani alisema."

"Najua," Salama akajibu, na alijua kweli, tangu chuo cha Kurani, kabla hajaota meno ya pili. Sikio la kufa halisikii dawa. Kesho yake asubuhi alimvuta Naomie nyuma ya ua, akamtia noti mkononi, akataka tikiti kumi na mbili.

"Mama Salama! Unanunua mukeka wako mwenyewe?"

"Nasema asisikie muntu."

"Mie sitaambia muntu."

"Na wewe ni muntu. Jisahaulishe."

Akazifunga zile tikiti kwenye pindo la kitenge, na tangu hapo kila aliposujudu fundo lile lilimgusa goti. Lilikuwa fundo dogo, lakini lilimsumbua kuliko jiwe.

Ijumaa, siku mbili kabla ya kuchota namba, alikwenda shuleni kuuaga mkeka, iwapo ungekwenda. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Chini ya ukuta, mbele ya mkeka, wasichana wanne wa darasa la Jacqueline walikuwa wameketi sakafuni, wamevua viatu, majani ya kusukia yamewazunguka. Mkubwa wao aliitwa Yvette, msichana mwembamba mwenye kalamu kwenye nywele. Walikuwa wakisuka ukili. Salama akafurahi. Akainama autazame, na furaha ikamkatika.

Ulikuwa ukili wa Feza.

"Nani aliwaambia mushike ule wa katikati?" akauliza, na sauti yake ikawafanya wote waache kusuka. "Kuko sita ubavuni. Sita! Mukaenda kuchukua wa bibi arusi?"

Yvette alisimama, uso umempauka. "Pole, mama. Hatukujua kama unakatazwa. Madame alisema tuchore. Tulichora siku tatu, haikuingia kwenye kartasi. Njo tukasema tujaribu kwa mikono. Tulifumua mara… mara mingi, mama. Hakuna muntu alitufundisha. Ni mukeka ulitufundisha."

Salama alikuwa na maneno mengine makali tayari mdomoni. Aliuchukua ule ukili auone vizuri kabla ya kuyatoa, akaupitisha kati ya vidole kama anavyofanya kwa kazi ya mtu yeyote, na kidole gumba kikasimama. Hapo, jani moja jekundu lilikuwa limeruka meusi mawili badala ya moja. Akaendelea. Shubiri moja mbele, likaruka tena. Na tena.

"Hapa," akasema polepole. "Hapa mulifanya nini?"

"Hapo njo siri yake," Yvette akasema, na woga ukamtoka kidogo kwa sababu sasa alikuwa akizungumzia kitu anachokipenda. "Kwenye mukeka iko mahali pamoja tu, katikati kabisa. Jani linaruka. Tulihesabu sana. Tukasema, muntu anayesuka hivi hawezi kuruka bila sababu. Na ni hapo jicho linashituka, mama, linaamuka. Sasa sisi tumeiweka kila shubiri."

Salama aliketi chini.

Sababu aliijua, na duniani hakuna mwingine aliyebaki anayeijua. Ilikuwa mchana, bomu lilianguka upande wa gare, nyumba ikatikisika, na yeye akasahau miiko akausukuma mlango wa bibi arusi. Alimkuta Feza chini ya kitanda, ukili umembana kifuani, vidole vinatetemeka na bado vinasuka. "Nimeruka, yaya," alikuwa akilia. "Nimeruka jani." Yeye akamwambia afumue. "Nikifumua litakatika, na jani lingine hatuna." Kosa likabaki. Salama alipoushona mkeka alilipita kwa sindano akiwa amefumba macho, na tangu hapo hakuwahi kuligusa.

Na sasa lilikuwa hapa, mikononi mwa wasichana waliozaliwa baada ya risasi kunyamaza, nao walikuwa wameliona kuwa zuri kuliko yote. Woga wa mdogo wake! Walikuwa wameusoma jani kwa jani bila kumjua, wakauheshimu, wakasema lazima una sababu. Salama aliwahi kusikia mawaidha mengi juu ya uwezo wa Mungu na alikuwa akiitikia vizuri tu, amina, amina. Siku ile aliuogopa. Aliomba maji. Alikunywa, akarudisha kikombe, akaondoka bila kuwakemea na bila kuwasifu, nao wakabaki wakitazamana.

Jumapili, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Salama alikaa mstari wa tatu, fundo la tikiti mkononi. Ndiyo, alikuwa nazo bado. Moyo hauna adabu. Unaweza kuona muujiza Ijumaa na Jumapili ukataka kitu chako. Jacqueline alieleza sheria: namba itaitwa mara tatu, na asipotokea mtu itachotwa nyingine. Yule mzee mchonga viti ndiye aliyechota. Ngoma ilikwenda kwa sista mmoja, ukumbi ukapiga vigelegele. Mitungi ikaenda. Vitambaa vikaenda. Mwishoni Jacqueline akasimama chini ya mkeka, na kelele zikafa zenyewe.

"Mia tatu kumi na saba."

Salama hakuhitaji kufungua fundo. Namba zake kumi na mbili alizijua kama majina ya watoto. Ya tano ilikuwa mia tatu kumi na saba.

Ni wake. Angesimama tu, aseme niko hapa, na mkeka ungerudi juu ya kabati jioni hiyo hiyo, mkono wa Feza ungebaki nyumbani. Watu wangecheka, Djamali angenuna mwezi mmoja, kisha yangekwisha. Ng'ambo ya ukumbi Naomie alikuwa amemkazia macho, mdomo wazi, akimsukuma kwa nyusi: simama, mama, simama!

"Mia tatu kumi na saba, mara ya pili."

Aliutazama ukili wa katikati kutoka juu, akaushukia taratibu. Alipofika pale jani linaporuka, kwa mara ya kwanza hakufumba macho. Kisha akawatazama wale wanne waliobanana kwenye benchi la mbele. Yvette alikuwa akisogeza vidole mapajani, anasuka hewa. Alikuwa akisuka ukili wa Feza bila hata kuutazama.

Basi Salama akafunga kiganja juu ya fundo, akakiweka chini ya paja, akakikalia kwa uzito wake wote.

"Mia tatu kumi na saba, mara ya tatu. Hayuko? Tunachota ingine."

Namba iliyofuata ilikuwa ya Isidore, mchimba madini wa Pangi, aliyenunua tikiti moja huku akingoja pikipiki yake itengenezwe. Alikuja mbele na matope makavu kwenye viatu, akavivua bila kuambiwa, akasimama mbele ya mkeka, kofia mkononi.

"Unautundika ukutani, baba," Jacqueline akamweleza haraka. "Mahali pasipo na jua. Hii ni kazi ya sanaa."

"Kutundika?" Isidore akashangaa kwa moyo wake wote. "Madame, mie na bibi yangu tumeoana mwaka wa pili, tunalala juu ya turubai. Ukuta njo iko na usingizi?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Salama. Alicheka hadi machozi yakatoka, na yalipotoka hayakuwa ya kicheko tena, naye hakujali ni nani anayaona. Alikwenda mbele, akamsaidia yule kijana kuushusha. Akamwonyesha namna ya kuukunja, rangi ndani, na namna ya kuuosha kwa maji baridi bila kuusugua. Akamwambia upande wa kichwani ni huu na wa miguuni ni ule.

"Na huu wa katikati?" Isidore akauliza, akiugusa kwa ncha ya kidole.

"Huo ni wenu. Mulale."

Pikipiki ilipoondoka alisimama mlangoni akaisikiliza hadi ilipochanganyika na kelele za barabara. Kifua kiliuma, wala hakujidanganya kwamba hakiumi. Alipogeuka watu walikuwa wakitawanyika, Jacqueline analia begani kwa Naomie kwa furaha ya atelye yake, na wale wasichana wamekwisha kushuka sakafuni na majani yao. Ukuta mbele yao ulikuwa mtupu. Walisuka vilevile. Salama akavua viatu, akaketi kati yao, nao wakaendelea kusuka mpaka mikono ya Yvette ilipopunguza mwendo, ikasimama.

"Mama," akanong'ona. "Mukeka umekwenda, hatuna tena pa kuangalia. Hapa njo tunaruka? Ao tulikosea?"

Salama alilitazama lile jani jekundu, limenyanyuka kidogo, linangoja.

"Hamukukosea," akasema. "Njo hapo. Ruka."

Yvette akaruka.